Ukipiga mswaki usiku, tema povu, usisukutue

Hili nimeelekezwa na daktari wa meno nilipompeleka mama, ambaye ana kisukari. Ukimaliza mswaki wa usiku, tema povu lote, usisukutue kwa maji, halafu usile kitu tena hadi asubuhi. Madini ya floraidi yanayobaki mdomoni ndiyo yanayoliimarisha jino pale asidi ya bakteria ilipoanza kulila, ukisukutua, unayamwaga. Usingizini mate hupungua sana, na wenye kisukari wengi hukaukwa mdomo hata mchana, kwa hiyo wao ndio wanaoyahitaji zaidi. Tena mambo haya huenda pande zote mbili: sukari ikiwa juu fizi huharibika, na fizi zikivimba na kutoa usaha, sukari huwa ngumu kushuka hata kama mgonjwa anameza dawa vizuri. Hilo la pili sikulijua kabisa, na naona wengi hatuambiwi kliniki.

Haisaidii kama dawa ya meno haina floraidi (soma boksi, kipimo cha floraidi huandikwa ppm, tafuta 1,000 hadi 1,500), wala kwa jino lililokwisha toboka, hilo likazibwe. Mtoto mdogo asiyejua kutema apakiwe kiasi cha punje ya mchele tu, hasa sehemu kama Arusha ambako maji ya maeneo mengi tayari yana floraidi nyingi. Na sukari ikimshuka mgonjwa ghafla usiku, mpe kitu kitamu hapohapo. Mswaki atapiga baadaye.