Land Rover Series III: kutafuta kosa la waya kabla ya kununua kifaa

Wakuu, kwenye hizi Land Rover za 1971 hadi 1985 mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kosa liko njiani: kwenye maungio, na zaidi ya yote kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na chesisi. Bodi ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma. Vikikutana na maji vinalana, na ule unga mweupe unaotokea huzuia umeme. Basi usinunue altaneta (kifaa kinachochaji betri) mpaka umepima.

Andaa mita ya kawaida ya kupimia volti na ampea, msasa, na globu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa waya mbili.

1. Betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6. Safisha vichwa vyake, washa injini, kanyaga mafuta kidogo: unataka 13.8 hadi 14.4. Kama haipandi, tazama kwanza taa ya chaji kwenye dashibodi. Globu yake ikiungua, altaneta inaweza isianze kuchaji, maana umeme wa kuiamsha unapitia hapo.

2. Rangi. Hizi ni waya za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari. Kahawia inatoka betri moja kwa moja bila fyuzi, kwa hiyo chomoa hasi kabla ya kuichezea. Nyeupe hupata umeme ukifungua swichi, kijani ni huo huo baada ya fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ethi. Ila gari likishapita mikono ya mafundi wengi, rangi ni tetesi tu. Fuata waya wenyewe.

3. Ethi, taa ikiwa inawaka. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anachomoa waya, anapima, anaona 12, anasema waya mzima. Mita haivuti umeme wa maana. Hata uzi mmoja uliobaki ndani ya waya utakuonyesha 12. Acha taa iwake, kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye kikombe cha globu. Chini ya 0.2 ni salama. Ikisoma 1 au 2, volti hizo zinaishia kwenye ethi na globu haizipati. Sogeza ncha kuelekea betri: bodi, chesisi, bolti ya waya wa hasi. Pale namba inapoanguka ghafla, kutu iko kati ya sehemu hizo mbili za mwisho. Fungua, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, paka grisi juu. Upande wa chanya nao upime hivyo hivyo.

Ukikanyaga breki na indiketa nayo ikawaka kidogo, usiguse swichi ya breki. Umeme umekosa ethi, unarudi kwa kupenya globu za jirani.

4. Fyuzi inayokatika. Acha kuzichoma. Weka ile globu ya wati 21 mahali pa fyuzi, kisha chomoa vifaa kimoja kimoja. Vyote vikitoka na bado inawaka kwa nguvu, ni shoti kwenye waya. Tikisa waya, hasa zinapopita ukuta wa injini ambako raba imeoza, mpaka globu izime.

Maswali

*Mkuu, betri inaisha usiku, asubuhi tunasukuma.*
Zima kila kitu, chomoa hasi, weka mita ya ampea katikati ya waya huo na betri (usipige staata, utaunguza mita). Gari hili halina kompyuta. Lisome karibu sifuri. Likisoma zaidi, chomoa plagi ya altaneta kwanza. Daiodi mbovu ndani yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) hunyonya betri.

*Fundi wangu amezungushia fyuzi karatasi ya sigara. Itadumu?*
Itoe leo. Na ujue, fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini ya kubeba muda wote ni 17 tu. Za madukani nyingine huandikwa ampea za kubeba, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

*Kaka, yangu ni Series IIA ya zamani, iliyotangulia hii ya III, chanya ndiyo imefungwa kwenye chesisi. Kuna aliyekosea?*
Hakuna, za miaka hiyo zilitoka hivyo kiwandani. Hatua ya 3 ianzie kwenye chanya ya betri. Na usifunge redio ya kisasa wala altaneta kabla ya kugeuza mfumo, zitaungua.