Watu 14 na jiko moja: kula baa kabla ya shoo Sokoine

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya. Kwenye kikundi chetu cha mchezo wa kupeana pesa, tukiamua kwenda shoo, mahali pa kula natafuta mimi. Sikupewa kazi hiyo kwa sababu naijua. Nilipewa kwa sababu niliwahi kuiharibu.

Siku hiyo tulikuwa 14, shoo iko Uwanja wa Sokoine, na saa 12 jioni nikaagiza kuku wa kienyeji kwa wote. Jamani, kuku wa kienyeji si broila. Saa 2 kasoro alikuwa bado yuko kwenye sufuria. Tukafungiwa kuku kwenye foili, tukakimbilia uwanjani, getini tukaambiwa chakula hakiingii. Watu wazima tumependeza, tumesimama ukutani kwenye baridi ya Julai, kila mmoja na paja lake. Shemeji yangu hajanisamehe.

Siku hizi sitafuti baa, natafuta jiko. Baa nyingi kaunta ina mwenyewe na jiko lina mwenyewe, kapanga tu pale. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nacho mara nyingi kina banda lake pembeni, mzani wake na pesa yake. Mhudumu wa vinywaji akikwambia "chakula kipo, karibuni", hasemi uongo, ila zimebaki kilo ngapi hajui. Pitiliza mpaka kwenye moto. Msalimie mchomaji, mwambie mko wangapi na mnataka kuondoka saa ngapi. Mimi huenda mchana wa siku hiyohiyo, nikiwa natoka kununua uzi. Kwenda jana yake naona ni kujichosha, maana hata yeye hajajua kesho ataletewa nyama gani.

Nyama ya kilo inapimwa mbichi, na motoni inapungua. Kwa watu 14 nachukua kilo 5, na ndizi za kuchoma na chipsi za kutosha. Wanaume wakitaka ugali waseme mapema, usongwe nyama ikiwa inakaribia kuiva. Simama pale mzani unapopima. Huo si ugomvi, hata mchomaji anakuheshimu zaidi.

Mbuzi ni mtamu, ila kumbuka uko Mbeya. Mji uko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jioni ya Juni au Julai mafuta ya mbuzi yanaganda kwenye sinia kabla hamjamaliza kunawa mikono. Nikichukua mbuzi namwomba mchomaji alete kwa awamu mbili, nusu mezani, nusu ibaki pembeni ya moto. Baridi ikizidi naachana naye kabisa, nachukua ng'ombe au mishikaki. Na kama jiko lina sufuria la ndizi nyama, hapo hakuna haja ya kufikiri sana: ndizi zinaletwa kutoka Tukuyu, chakula kimeshaiva, ni kupakua tu. Watu 14 wanakula ndani ya nusu saa.

Kwenye kikundi tuna kina dada wawili Waislamu. Zamani nilikuwa nasema, "Ninyi mtakula chipsi." Nilikuwa sifikirii. Chipsi zinaweza kuwa zimekaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kitimoto, na kisu kinaweza kuwa hichohicho. Sasa naenda sehemu ambayo kitimoto hakipikwi kabisa, au kina banda lake mbali na vyombo vyake. Wanaokitaka watakula siku nyingine, hawafi.

Sasa, wapi? Mitaa ya Soweto na Mwanjelwa majiko ni mengi na ushindani ni mkubwa, nyama inatoka haraka motoni. Lakini uwanja uko juu, mjini. Bajaji inabeba watatu. Watu 14 ni bajaji tano, na hazitapatikana zote kwa pamoja jioni ya shoo, wakati nusu ya mji inapanda kupitia Mafiat. Kundi likiwa la watu wanne, kula Mwanjelwa. Likiwa kubwa, kubali uchaguzi mdogo karibu na uwanja, mtembee kwa miguu. Kuanzia Novemba hadi Aprili angalia pia paa. Viti vya nje ni vizuri mpaka mvua ianze.

Bango likisema saa 1, msanii mwenyewe anaweza kupanda jukwaani saa 6 usiku, lakini usipange tumbo kwa kumtegemea yeye. Tunakaa saa 11 jioni, chakula kinafika saa 12, saa 1 na nusu tunanyanyuka. Aliyechelewa anawekewa sahani yake jikoni, inafunikwa. Kikundi hakimsubiri.

Pesa ya chakula nakusanya mapema kwa simu, na jiko nalilipa nusu mchana. Hapo ndipo oda yako inakuwa oda kweli. Bila hivyo likija kundi lingine lenye pesa mkononi, kilo zako zinaondoka. Vinywaji sivigusi. Kila mtu ajilipie bia yake au soda yake papo hapo. Mkilazimika kuwa na bili moja, chupa tupu zisiondoke mezani mpaka zihesabiwe mbele yenu.

Na kuku wa kienyeji anawezekana, sijamkataza mtu. Mwagize saa 7 mchana, achemshwe taratibu, jioni amaliziwe tu motoni. Mara ya mwisho alifika mezani saa 12 kamili, analainika mpaka mfupa. Shemeji aliagiza mishikaki.