Somo: Kumpeleka Bibi Kilembe, na ukoo mzima nyuma yake

Tangu mwone zile picha za Bibi amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake ya zamani kule Kilembe, mji wa mgodi karibu na Kasese, magharibi mwa Uganda, maswali hayajaisha. Nitaeleza tulivyofanya. Ila nianze na aibu: safari mliyoiona pichani ni ya pili. Ya kwanza iliharibika, tena iliharibikia mlangoni kabisa, baada ya kusafiri karibu kilomita 400 kutoka kwetu Bombo, kaskazini ya Kampala.

Kwa asiyejua: Babu alikuwa dereva wa mgodi wa shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikaanza kuteremshwa hadi stesheni na kupelekwa kwa treni Jinja kuyeyushwa, maana umeme wa bwawa la Owen Falls ulikuwa huko. Watu wakaja kutafuta kazi kutoka pande zote, Kenya, Rwanda, Kongo, na sisi Wanubi, uzao wa askari wa zamani kutoka Sudan, tukiwemo. Kwenye kambi ya wafanyakazi kila mtu alikuwa na lugha yake nyumbani na Kiswahili nje. Mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, Babu akafunga virago akarudi Bombo. Bibi hakukanyaga tena Kilembe mpaka juzi juzi, akiwa na miaka 84.

Hatua ya kwanza: keti na mzee kabla ya kupanga tarehe

Usimwulize "nyumba ilikuwa wapi?" Atakuonyesha kwa mkono, kule, na mkono wake unaelekea jikoni. Mwulize vitu visivyohama. Maji mlichota wapi? Jua lilichomoza upande gani wa mlango? Mkienda msikitini mlipanda au mliteremka? Mto mliusikia usiku au hamkuusikia? Bibi yangu alikuwa amesahau namba ya nyumba, lakini alikumbuka kwamba kutoka mlangoni alikuwa anaona magari ya mgodi yakikata kona, na kwamba akimwaga maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kushoto. Hayo mawili tu yalitupunguzia nyumba arobaini zikabaki tatu.

Mrekodi kwa simu. Na muulize akiwa anafanya kitu, anachambua mchele au anasuka ukili. Mkikaa naye sebuleni mmemzunguka kama mahakama, atawajibu kama shahidi.

Hatua ya pili: msimu na idadi

Kilembe iko bondeni, mto Nyamwamba unapita katikati, na mto huo si wa mchezo. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalibeba nyumba, madaraja na mawe makubwa kama takisi. Kwa hiyo Mei msiende na mzee. Mvua za huko ni Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba. Sisi tuna jamaa Kibra, Nairobi, na likizo za shule za Kenya na Uganda hazilingani vizuri, ndiyo maana tulichagua Desemba, kabla ya ile wiki ya Krismasi ambayo nauli hupanda kila siku.

Tulikuwa 17. Tulikodi takisi ya watu 14, wengine wakapanda gari la shangazi. Basi dogo moja la Kosta lingetubeba sote, lakini gari dogo la pembeni lina faida yake: mtoto akitapika au mzee akichoka, si lazima msafara mzima usimame.

Hatua ya tatu: mtangulize mtu. Hapa ndipo tulipoanguka

Safari ya kwanza tulishuka garini watu 12, bila taarifa, mbele ya nyumba ya watu. Mmoja ameshika picha ya mwaka 1968, mwingine ana daftari, watoto wameshaingia uani. Baba yangu mdogo ni fundi ujenzi. Kwa mazoea tu ya kazi yake, akatoa futi mfukoni akaanza kupima ukuta, akishangaa walivyojenga vizuri zamani.

Nchi hii tunaijua. Kundi la watu usiowajua, karatasi mkononi, na mmoja anapima: hao wamekuja kudai ardhi. Mama mwenye nyumba alifunga mlango. Kijana mmoja akamkimbilia mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji. Jioni nzima tukaimaliza barazani kwa mwenyekiti tukijieleza, Bibi amebaki garini, haoni wala haelezwi kitu. Aliponiuliza, "Kwani tumemkosea nani?" sikuwa na jibu.

Basi fanya hivi. Wiki mbili kabla, tuma mtu mmoja, au mpigie simu mwenyekiti wa LC1 wa pale. Namba yake utaipata kwa watu wa boda wa Kasese mjini. Hao wanamjua kila mtu. Jitambulishe kwa jina la ukoo, kazi aliyofanya babu, na miaka mliyokaa. Kisha tamka waziwazi, usimwachie akisie: "Hatudai nyumba, hatudai kiwanja, mama yetu anataka kusalimia tu." Sisi mwenyekiti aliyarudia maneno hayo hayo mbele ya mwenye nyumba siku tulipofika, na nilimwona yule mama akishusha mabega.

Na futi ibaki nyumbani. Nasema kwa upendo, Baba Mdogo.

Hatua ya nne: njia

Kutoka Kampala ziko mbili. Ya Mityana, Mubende, Kyenjojo mpaka Fort Portal, kisha unateremka Kasese kupitia Hima. Au ya Masaka na Mbarara, unavuka daraja la Katunguru na mstari wa ikweta pale Kikorongo. Hii ya pili ni ndefu zaidi, watoto wanaipenda kwa sababu ya kupiga picha ikweta na pengine kuona tembo kando ya barabara. Mkiwa na mzee chukueni ya kwanza, mlale Fort Portal. Bibi miguu humvimba akikaa zaidi ya saa tatu, kwa hiyo tulisimama Mityana, Mubende na Kyenjojo, dakika ishirini kila mahali. Dawa zake za presha zilikaa kwenye mkoba wake mwenyewe, wala si kwenye mizigo juu ya gari.

Kasese mjini ni joto kali. Kilembe, mwendo wa kilomita kumi na kitu kwenda mlimani, kuna ubaridi. Beba sweta.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Mlangoni waende wanne: mzee, mwenyekiti, mwanamke mmoja na mtu wa kubeba zawadi. Sisi tulipeleka sukari, sabuni na majani ya chai, vya kutosha nyumba ile na ya jirani. Wengine 14 walingoja chini ya mti, na nawaambia ukweli, kuwazuia kulikuwa kazi kuliko safari.

Bibi hakuitazama nyumba. Alitazama ngazi ya saruji mlangoni, akainama taratibu, akapitisha kidole gumba pembeni mwake. Pale pamechimbika, kama kijiko kilichopita kwenye ugali. "Hapa nilikuwa nanoa kisu," akasema. Mama mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na kisu chake, akakipitisha pale pale. "Nasi tunanoa hapa hapa." Wakacheka wote wawili, wakakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo picha ilipopigwa. Tulikuwa tumepanga nusu saa. Tuliondoka adhuhuri, tumelishwa mihogo na maharage, na Bibi amejifunza kusema "wasingya", asante kwa Kikonzo, lugha ya wenyeji wa kule, neno ambalo anadai alikuwa analijua siku zote.

Maswali ya wanachama

*Dada, sisi tuko Kisumu. Babu alifanya kazi ya reli Jinja mpaka 1970. Tutavuka Busia watu tisa na watoto. Kitambulisho kinatosha?*

Kwa Mkenya mtu mzima, kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Uganda. Watoto wabebewe vyeti vya kuzaliwa, na mtoto anayesafiri bila wazazi wake awe na barua yao. Mkija na gari lenu, logibuku na bima ya kadi ya njano ya COMESA ziwe tayari kabla ya kufika mpakani. Mwaka huo wa 1970 najua ni kidonda kwa familia nyingi. Serikali ya Obote, rais wa Uganda wakati huo, iliwarudisha maelfu ya wafanyakazi wa Kenya kwa muda mfupi, na wengi waliacha vyombo ndani. Kwa hiyo lile neno la "hatudai kitu" kwenu lina uzito zaidi, lisemeni mapema. Halafu Jinja, kabla ya kutafuta nyumba, tafuteni wastaafu wa reli. Mzee mmoja wa reli anajua kota zote.

*Na sisi wa Bukoba?*

Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Usifike mpakani Mutukula na kitambulisho peke yake.

*Nani alilipa? Kwetu tukianza kuchanga huwa ni vita.*

Kwetu pia. Tulikubaliana mambo mawili: Bibi halipi hata shilingi, na mweka hazina asiwe mtoto wa kwanza. Mpwa wetu wa chuo alishika pesa na kutuma hesabu kwenye grupu kila Jumapili. Mjomba mmoja hakuchanga mpaka leo, lakini ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Mtakuwa naye na ninyi, mwekeeni tu nafasi.

*Mama yetu anasahau sana siku hizi. Wakati mwingine ananiita jina la dada yake. Nimpeleke au nitamchanganya zaidi?*

Hilo mwulizeni kwanza daktari wake. Mkienda, nenda na watu wachache anaowazoea, watatu au wanne, msilale ugenini zaidi ya usiku mmoja. Na akisema kitu kisicho sawa, kwamba mume wake yuko kazini atarudi jioni, msimsahihishe mbele ya watu.

*Kama nyumba haipo? Nasikia sehemu kubwa ya kambi ilichukuliwa na mto.*

Ya kaka yake Babu ilichukuliwa. Tulikuta mawe matupu. Bibi alisimama darajani, akahesabu kwa kidole kutoka kwenye kona ya barabara, moja, mbili, tatu, akasema, "Hapo kwenye jiwe jeupe." Watoto wakaenda kusimama pale. Mwambie mzee kabla ya kuondoka nyumbani, asije akagundulia mtoni. Mwenyekiti atakuwa anajua nyumba zipi zimebaki, nayo ni sababu nyingine ya kumpigia mapema.

*Bado mnawasiliana na yule mama?*

Wao wawili, ndiyo. Hupigiana simu Ijumaa baada ya swala. Wiki iliyopita niliwasikia wanabishana kuhusu mparachichi ulio nyuma ya jiko. Bibi anasema aliupanda yeye. Yule mama anasema ulijiotea.