Somo: kurudisha kemba ya Impreza iliyoshushwa, kwa timazi na rula

Mwezi uliopita nilivua tairi za mbele za Subaru Impreza yangu. Kwa nje meno bado yamesimama, mtu angezinunua. Nikapitisha kiganja upande wa ndani, waya ukanichoma. Gari nililishusha sentimita 3 na nusu, gereji wakafunga springi, wakapiga honi mbili, wakanipa funguo. Hakuna aliyepima kitu, na mimi sikuuliza.

Wengi wakiona tairi limeliwa ndani wanalaumu kemba. Kemba ni ule mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele: kichwa cha tairi kikiingia ndani, ni hasi. Ina makosa yake, lakini mlaji mkubwa ni tou, yaani tairi mbili kutazamana au kuachana pua ukiliangalia gari kutoka juu. Tairi lenye tou mbaya linaburuzwa ubavu kila mita unayokwenda. Ukishusha gari, kemba na tou zote zinahama, na ukirekebisha kemba, tou inahama tena. Kwa hiyo kemba kwanza, tou mwisho. Anayefanya kinyume anafanya kazi mara mbili.

Ninalozungumzia ni Impreza ya 2000 hadi 2007. Kwa hii, shokapu ya mbele inashikwa chini kwa bolti 2, na bolti ya juu imetoka kiwandani ina tumbo, yaani imevimba upande mmoja. Ukiizungusha inasukuma tairi nje au ndani.

1. Kagua kwanza. Nyanyua gari, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni boljointi (kiungo cha chini cha tairi) au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza, tazama tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi). Usipime gari lenye vyuma vilivyochoka, utakuwa unapima ulegevu.

2. Tafuta sakafu iliyolala. Mimi nilitumia mpira wa maji wa mafundi waashi kuhakikisha tairi zote 4 zinakaa usawa mmoja. Jaza upepo sawa pande zote, nyoosha usukani, kisha lisukume gari mbele na nyuma mita kadhaa ili springi zikae. Ukilishusha kwenye jeki na kupima hapohapo, namba zitakudanganya.

3. Pima. Bandika kipande cha mbao juu ya fenda kitokeze nje, ning'iniza timazi katikati ya tairi, uzi usiguse mpira. Upepo wa Dar ulinisumbua hadi nilipotumbukiza timazi kwenye kopo la maji, likatulia. Sasa pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, juu halafu chini. Kwangu kushoto juu ilikuwa milimita 59, chini 46. Tofauti 13. Kwa rimu ya inchi 17, ukingo hadi ukingo ni kama sentimita 46, na kila milimita 8 ni digrii 1. Kwa hiyo nilikuwa na hasi 1.6. Kulia ilikuwa hasi 1.4.

4. Legeza na zungusha. Vua tairi, weka stendi (jeki peke yake si stendi). Fungua kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS visije vikavutika. Piga alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti ya juu ujue ilikuwa wapi. Legeza nati zote mbili bila kuzitoa, kisha zungusha kichwa cha bolti ya juu huku unasukuma habu (kitovu kinachofungwa tairi) kwa mkono. Hapa ndipo pa kuwa na subira. Robo mzunguko inaonekana si kitu, lakini kwangu ilihamisha milimita 4. Wakati wa kukaza, shika kichwa cha bolti na ukaze nati. Ukizungusha bolti umeharibu ulichoweka. Nati zake ni za kujifunga, kwa hiyo weka mpya, na kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Rudisha tairi, shusha, sukuma gari, pima tena. Nilirudia mara 3 hadi tofauti ya juu na chini ikawa milimita 7 pande zote, yaani hasi 0.9. Kwa barabara za kila siku, kati ya hasi nusu na hasi 1 inatosha, ila kushoto na kulia visipishane zaidi ya nusu digrii.

Nyuma hakuna bolti ya tumbo ya kiwandani. Unanunua bolti nyembamba zenye tumbo, au zile linki za kurefusha na kufupisha.

5. Tou. Lipeleke gari kwenye mashine ya alaimenti (inayopima mielekeo ya tairi). Kwa uzi inawezekana, ila mashine itakupa na nyuma kwa pamoja.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nina IST, nyuma zinakula ndani. Bolti ya tumbo iko wapi?*
Haipo, kaka. IST ya kuvuta mbele nyuma ina boriti moja inayobeba tairi zote mbili. Zinawekwa kabari nyembamba nyuma ya habu. Kwanza hakikisha boriti haijapinda.

*Niko Mombasa, bolti imeshika kutu haitoki kabisa.*
Chumvi hiyo. Piga brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku, rudia asubuhi. Moto wa gesi usiusogeze karibu na shokapu.

*Nimerekebisha pande zote sawa, gari bado linavuta kushoto.*
Barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto. Lijaribu kwenye uwanja uliolala. Likivuta na huko, badilishana tairi za mbele uone kama mvuto unahama.

*Shikamoo fundi. Gereji wamenitanulia tundu la shokapu kwa greinda, wanasema ni kitu kimoja.*
Marahaba. Si kitu kimoja. Kilichobaki kushikilia ni mbano wa nati tu, siku ukiingia shimo kemba inateleza ukiwa mwendoni. Tafuta shokapu nyingine.

*Mimi nataka hasi 6, ilale ipendeze.*
Bolti hii haifiki huko, na bei ya tairi utaijua.

*Nipime tena baada ya muda gani?*
Springi mpya zinakaa kidogo, kwa hiyo mimi nilirudia baada ya kilomita 500. Na kila nikiangukia shimo la kunitoa tusi.