Mnapoenda kumuona diwani au afisa kuhusu mwalo wenu: barua bebeni, samaki acheni nyumbani

Naandika hii kwa ajili ya vikundi vya wavuvi na wachuuzi wa dagaa wanaotegemea mwalo, yaani pale boti zinaposhusha samaki, huku kwetu Mwanza, Kirumba, Igombe, Kayenze mpaka visiwani Ukerewe, maana watu wanakuwa na hoja nzuri kabisa halafu wanaiharibu wenyewe pale mlangoni. Mimi ni katibu wa kikundi cha waanika dagaa na sisi tulishaharibu. Tulikuwa tunaomba eneo la kuweka chanja za kuanikia dagaa, tukaandika barua safi, mwenyekiti akasema jamani mkono mtupu haulambwi, basi tukanunua sangara wawili wa maana, tukawatia kwenye kiroba na barafu, barua ikawekwa humohumo juu. Tunafika ofisini barua imelowa, wino umetambaa, jina la kikundi halisomeki, afisa akaipokea kwa ncha za vidole. Samaki wakaenda kwake. Kikundi kingine kilichokuwa kinaomba eneo hilohilo kikasikia habari za wale sangara, kikalalamika, na kilikuwa na haki ya kulalamika, ombi letu likawekwa pembeni na hoja zetu hakuna aliyezisoma tena. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Sasa fanyeni hivi. Kwanza jueni nani anaamua. Diwani hawezi kuwapa eneo peke yake, mambo yanapita kwenye kamati na baraza, na mkurugenzi na afisa uvuvi kila mtu ana sehemu yake. Ulizeni mapema jambo lenu linapita wapi na kikao ni lini, mkishajua hilo yule kijana anayejifanya ana "njia" na anataka hela ya kuwasogezea anakosa cha kuwauzia.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mnaomba nini, eneo gani, watu wangapi wanalitegemea, nani atapata hasara mkipewa (hii watu hawaandiki, andikeni, inaonyesha mmefikiria). Chapeni nakala mbili, moja mnaiacha masijala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe mnarudi nayo. Usitoke bila ule muhuri hata ukiambiwa muhudumu katoka kunywa chai, kaa usubiri.

Kuongea na kiongozi siyo kosa jamani, hii naisema kwa nguvu maana wengine wakishaogopa rushwa wanaogopa hata kwenda ofisini. Kumshawishi kwa hoja ni haki yenu. Ila nendeni watatu, siyo mmoja, nendeni ofisini saa za kazi, na mjitambulishe nani kawatuma na kama kuna mtu anawalipia nauli au wakili semeni. Marekani wana sheria yao ya mwaka 1995 kabisa inayomtaka anayelipwa kushawishi wabunge na serikali ajisajili, ataje anamfanyia nani kazi, halafu kila miezi mitatu apeleke ripoti ya jambo analosukuma na hela iliyotumika, na mwananchi yeyote anazisoma. Mwaka huohuo 1995 na sisi tulitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ila ya kwetu inamwangalia zaidi kiongozi mwenyewe, mali zake, zawadi anazopokea, maslahi yake. Kwa hiyo upande wa anayeomba inabidi mjiwekee utaratibu wenyewe.

Zawadi ndo penye kazi. Huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu na mimi sitaki tuache hiyo desturi, ila kiongozi mwenye faili lako mezani siyo mgeni wako. Sheria inamruhusu ukarimu wa kawaida na zawadi ndogo, ikizidi kiwango anatakiwa aitamke kwa maandishi na kuikabidhi kwa afisa masuuli, yaani msimamizi mkuu wa fedha wa ofisi yake, na ile inayoweza kumpindisha kwenye maamuzi anatakiwa aikatae. Diwani naye yumo kwenye sheria hii, siyo mawaziri na wabunge tu. Kiwango kinachotumika sasa kiulizeni Sekretarieti ya Maadili, wanaosimamia sheria hii, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Akija kwenye mkutano wenu mpeni maji na chakula mnachokula wote, sahani moja na yenu, inatosha.

Kipimo changu mimi: ungempa huyu mtu sangara kama asingekuwa na cheo? Na ungempa mbele ya kile kikundi kingine? Jibu likikwama kooni, acha.

Kuna zawadi hazina sura ya zawadi. Mafuta ya gari ili afisa aje kukagua mwalo, kadi ya mchango wa harusi inayoletwa wiki ombi lenu linajadiliwa, vocha, "posho ya kikao" ambacho hakina muhtasari. Malipo halali ya serikali yanakuja na control namba na risiti, hela ikiombwa iende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hapo mjue. Na msijifariji kwa jina, tulishakuwa na "takrima", ikaingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kama ukarimu wa mgombea, mpaka Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa inapingana na Katiba.

Kingine, ulizeni kwa heshima kama kiongozi ana maslahi. Kama mke wake ana chanja au boti hapo mwaloni anatakiwa aseme kwenye kikao na asishiriki maamuzi. Semeni "Mheshimiwa, tunaomba tu iingie kwenye muhtasari", basi, haina matusi.

Mkiombwa chochote msibishane na msitoe kwanza mkalalamike baadaye, maana kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Mwambie tunaenda kushauriana na wenzetu, ondokeni, andikeni siku, saa, maneno aliyosema, na meseji msizifute, halafu pigeni 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure, au nendeni ofisini kwao.

Sisi tulinunua kaunta buku. Kila safari inaandikwa: tarehe, nani walienda, walimuona nani, wameongea nini, walitumia shilingi ngapi na kwa nini, na mwanachama yeyote analisoma akitaka. Ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika sangara wawili, bei yao, na ofisi waliyoenda.