Mwanafunzi wa field asiishie kwenye mashine ya kopi

Mimi field yangu, yaani mafunzo ya kazi ya chuo, niliimaliza nikitoa kopi na kutumwa vitumbua. Wiki nane. Siku ya mwisho msimamizi akanisainia logibuku (daftari la kazi za kila siku) bila hata kuifungua. Sasa nina ofisi yangu Kariakoo, tunatunza hesabu za wenye maduka, na kila Julai napokea vijana wawili wa uhasibu. Hivi ndivyo ninavyowapika. Kama nawe unapokea, jaribu.

Siku ya kwanza usimpe maelezo marefu. Mpe boksi la risiti za mteja mmoja, za mwezi mmoja, vilevile zilivyokuja: zimekunjwakunjwa, nyingine zimeshaanza kufifia. Azipige picha kabla maandishi hayajapotea, azipange kwa tarehe, kisha aziingize kwenye Excel. Usimsogelee mpaka aulize mwenyewe. Wengi wanatoka chuoni wanaona aibu kuuliza, na hilo bora limtoke kwako kuliko kwa mwajiri.

Hapo ndipo VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itakapomnasa. Risiti ina jumla ya 118,000, VAT imo ndani. Kijana mwenye A ya somo la kodi atachukua asilimia 18 ya 118,000, apate 21,240. Usimsahihishe. Mwambie aisome risiti yenyewe: pale kwenye kodi imeandikwa 18,000. Basi mwache atafute alikopotelea. Ile asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi, yaani 100,000. Kwa hiyo jumla anaigawa kwa 118, kisha anazidisha kwa 18. Mmoja alikaa nalo hadi saa nane mchana hajala, alipolipata akacheka peke yake.

Wiki ya pili, simu. Ritani ya VAT, taarifa ya kodi inayopelekwa TRA kila mwezi, mwisho wake tarehe 20, na ikifika tarehe 17 hakosekani mteja ambaye hajaleta risiti. Apige mwanafunzi, si wewe. Mwaka juzi binti mmoja alianza hivi: "Haloo, tunaomba risiti zako." Mzee wa duka la vitenge akakata. Tukakaa, tukaandika kwenye kikaratasi: salamu, jina lako, ofisi unayotoka, risiti ipi hasa, inatakiwa lini. Akapiga tena. "Shikamoo baba, samahani kwa usumbufu, ni mimi tena..." Dakika kumi hazikuisha, picha ya risiti ikaingia WhatsApp. Mpaka leo mzee akipiga ofisini anamuulizia yule binti.

Barua pepe haihitaji somo refu: mistari mitatu, kichwa kinachoeleweka, na faili lisiitwe "Book1".

Logibuku isome kila Ijumaa, naye akiwa mbele yako. Akiandika "nilijifunza kazi mbalimbali za ofisi", mrudishie. Aandike "nimelinganisha risiti 64 na stetimenti ya benki, mbili hazikuonekana, nimempigia mteja". Siku ya usaili akiulizwa anajua kufanya nini, hiyo ndiyo atakayoisema.

Na nauli umpe. Anayetoka Mbagala ana daladala ya kuja na kurudi, ana sahani ya mama ntilie mchana, na bumu (fedha ya mkopo wa chuo) likichelewa utaona ameanza kukosa siku mojamoja. Mimi natoa kila Jumatatu asubuhi, taslimu, kabla hajaniomba.