Umepata shotgan ya pampu iliyotumika? Ihakikishe inafanya kazi kwanza, kupendezesha baadaye

Wakuu, hii naandika kwa yeyote wa huku Moshi au Arusha aliyepata pampu ya zamani (shotgan unayoipakia risasi kwa kuvuta na kusukuma mpini wa mbele), ya kununua au ya kurithi, na sasa anataka irudi kwenye hali yake. Naona watu wengi wanaanzia mwisho, yani anawaza kitako kipya na rangi nyeusi inayong'aa, wakati springi ya magazini (tyubu inayobeba risasi) imelala na chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) imejaa kutu. Mimi nasema pesa ya kwanza iende kwenye kile kinachofanya silaha iwe salama na ilishe risasi bila kukwama.

Makaratasi yanakuja kabla ya bisibisi. Silaha haihami mkono kwa kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kama pikipiki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya 2015, ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na kila kitu kinapitia polisi, hata ile ya marehemu baba haiwi yako kwa sababu ilikuwa kabatini kwenu. Linganisha namba iliyochongwa kwenye bodi (kile kipande cha katikati chenye trigga) na namba iliyoandikwa kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Kuanzia hapo namba hiyo ni mwiko, usipitishe msasa wala kitu chochote kikali karibu yake manake ikififia una kesi. Na kusafisha silaha yako mwenyewe ni jambo moja, ila kutengeneza vyuma vya ndani ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni. Fundi wa kuchomelea hata awe hodari vipi usimpe. Kama humjui fundi wa kisheria, kaulize kituo cha polisi palepale ulipoandikishia.

Haya, jua una nini mkononi. Remington 870 ilitoka 1950, bodi yake ni ya chuma na seftii (kizuizi cha trigga) ni kitufe cha kusukuma pembeni nyuma ya trigga. Mossberg 500 ilikuja miaka ya mwanzo ya 60, bodi yake ni alumini na seftii iko juu, mahali kidole gumba kinapofikia. Ukiwa na wasiwasi chukua sumaku, ikishika kwenye bodi ni chuma, isiposhika ni alumini, na hili lina maana sana huko mbele kwenye rangi. Winchester Model 12 na Ithaca 37 za zamani zina tabia moja ambayo lazima uijue: ukishikilia trigga huku unapampu, risasi inatoka pale pale bolti (chuma kinachofunga chemba) inapofunga. Siyo ubovu, ndivyo zilivyotengenezwa, kwa hiyo kidole kikae mbali na trigga muda wote unapopampu.

Sasa ukaguzi. Toa risasi zote, angalia chemba kwa macho kisha ingiza kidole, angalia na tyubu ya magazini. Risasi zipeleke chumba kingine kabisa, zisikae mezani unapofanyia kazi. Ikiwa tupu, weka seftii, vuta trigga, achia, kisha toa seftii bila kugusa trigga: nyundo (chuma cha ndani kinachopiga ili risasi ilipuke) isianguke. Halafu ukiwa umetoa seftii pampu kwa nguvu bila kugusa trigga, nyundo isianguke. Gonga kitako sakafuni kwenye kipande cha mpira, mtutu ukitazama juu, nyundo isianguke. Ikianguka hata mara moja tu, acha hapo hapo, hiyo inaenda kwa fundi wa leseni na usijaribu kusaidia kwa faili. Vyuma vya trigga vinashikana kwa kingo ndogo sana, ukikwangua kidogo tu umeshaharibu.

Mtutu utoe kwenye bodi, uelekeze dirishani uchungulie. Mwanga unatakiwa utembee kama mistari iliyonyooka mpaka mwisho. Ukiona kivuli cha duara kama pete, hapo mtutu umevimba au umebonyea, na mtutu uliovimba haupigwi tena, hamna mjadala. Vishimo vidogo vya kutu vilivyokaa muda mrefu siyo mwisho wa dunia ila mwonyeshe fundi. Soma pia maandishi ya ubavuni, mengi yanakuambia urefu wa chemba: inchi 2 na robo tatu ni milimita 70, inchi 3 ni milimita 76. Risasi ya 76 inaweza kuingia vizuri tu kwenye chemba ya 70 na hapo ndipo watu wanadanganyika, manake urefu unaosemwa ni wa ganda likishafunguka. Likifunguka ndani ya chemba fupi, mdomo wake unaziba njia ya kutokea na presha inapanda vibaya. Mtutu usio na maandishi mpe fundi aupime, usikisie.

Kufungua kwa ajili ya usafi siyo kazi kubwa. Kwenye 870 unavuta mpini wa kupampu nusu ya njia, unafungua kofia ya mbele ya magazini, mtutu unachomoka kwa mbele. Zile pini mbili za bodi zinatoka kwa kusukumwa na panchi ya plastiki au ya shaba, na trigga yote inashuka kama kipande kimoja, basi iache hivyo hivyo nzima, ioshe kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, ipulize, itie mafuta tone tone. Unapotoa springi ya magazini geuza uso pembeni na weka kiganja, ile springi ina hasira na imeshapiga watu macho. Piga picha kwa simu kila hatua, utanishukuru wakati wa kurudisha. Utakachokuta ndani ni tope jeusi la mafuta yaliyoganda na vumbi, hasa silaha iliyokaa upande wa tambarare ambako kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye sanduku lililofungwa.

Chemba iangalie kwa makini, manake malalamiko mengi ya ganda kugoma kutoka chanzo chake ni hapo, siyo kwenye kucha ya kuvutia ganda. Plastiki ya risasi inaacha utando, juu yake kutu, ganda likipata moto linang'ang'ania. Brashi ya shaba, mafuta, zungusha kwa mkono. Ikiwa bado, viringisha stilwulu (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kabisa ya namba 0000 juu ya brashi, loweka mafuta, zungusha taratibu mpaka chemba ing'ae. Msasa usiingie humo.

Kutu ya nje inataka subira tu. Paka mafuta ya taa au mafuta ya silaha, acha usiku kucha, kesho yake sugua na hiyo hiyo 0000 ikiwa imelowa mafuta, bila kukandamiza. Inatoka tope la kahawia, unafuta, unapaka tena. Grainda, brashi ya waya ya mashine, maji ya betri, ndimu, vyote hivyo weka mbali, vinakula ile rangi ya bluu-nyeusi ya kiwandani na kesho kutu inarudi mara mbili. Palipobaki peupe kuna dawa ya kupaka ya kurudisha weusi, safisha kwanza kwa spiriti mpaka pasiwe na mafuta hata ya kidole, paka, futa, rudia. Haifikii ile ya kiwandani na inachubuka mapema, ila kwa mikwaruzo inatosha. Na hapa kumbuka ile sumaku: dawa hii ni ya chuma, kwenye bodi ya alumini ya Mossberg haishiki.

Mbao ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kitako kinatoka kwa bisibisi ndefu inayoingia kwa nyuma, kwanza fungua ule mpira wa mwisho, skrubu zake zimejificha kwenye vitundu vya mpira, basi paka sabuni kwenye bisibisi isirarue. Ondoa vanishi ya zamani kwa dawa ya kutolea rangi, usikimbilie msasa. Palipobonyea weka kitambaa kilicholowa maji na pasi ya moto juu yake, mvuke unainua nyuzi za mbao na utaona kabisa pale mahali panapanda, ila mbao ikiwa imekatika nyuzi haipandi. Halafu msasa 180, 240, 320, kufuata nyuzi, na ule ukingo unaokutana na chuma usiuguse, ukiupunguza kitako kinakaa chini ya bodi na hakirudi tena. Ufa mdogo nyuma ya bodi unajazwa epoksi na kufungwa kamba usiku mzima. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya duka la rangi, unapaka kidogo sana, unasugua kwa kiganja mpaka kipate joto, unafuta yaliyobaki, unaacha siku nzima, unarudia mpaka uridhike. Vitambaa vya mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye maji.

Kama mbao ya zamani imekufa kabisa, mninga mkavu ndiyo chaguo langu, haucheziki ukishakauka, haupindi. Mpingo mzito mno na unapasuka, mgrivilea wa mashambani usiwaze. Kwa seremala peleka kitako peke yake kiwe sampuli, silaha ibaki kwako kabatini.

Za kuboresha zenye faida ni chache. Springi mpya ya magazini, na kile kisukumio cha risasi cha rangi kali ili ukichungulia ujue magazini ni tupu. Kitufe cha seftii cha chuma kwa Mossberg zilizokuja na cha plastiki, kile cha plastiki kinakatika. Mpira mnene wa kitakoni, bega litakushukuru. Vitako vya Kimarekani vingi vina kama inchi 14 kutoka kwenye trigga, kwa mtu mfupi ni virefu: weka bunduki tupu begani, kati ya pua na kidole gumba pawe na vidole viwili mpaka vitatu, ikizidi sana mbao ya nyuma ndiyo inapunguzwa. Mtutu haukatwi. Hilo kwa polisi ni kesi na siyo maboresho.

Ukimaliza, jaribu mlisho kwa risasi bandia za mazoezi, pampu kwa nguvu mpaka mwisho wa njia kila mara, wengi wanaolalamika risasi inakwama wanapampu kwa woga. Risasi halisi za kwanza zipigwe mahali panaporuhusiwa, fundi akiwepo, moja moja. Halafu wakati wa masika usiihifadhi kwenye begi la kitambaa au ngozi, linanyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa na kufuli lake pembeni, vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu tupia humo vichache, na simamisha mdomo wa mtutu ukiangalia chini ili mafuta yasishuke kwenye mbao uliyoihangaikia.